Mwendo wa Mama Mkwe

Kabla kiharusi hakijamshika, mama mkwe wangu alikuwa na mwendo wa kukutia aibu. Wewe una magoti mazima, yeye ana wajukuu wa sekondari, na bado anakuacha nyuma. Alikuwa anauza kuku. Wiki nzima anazunguka Kabuchai nyumba kwa nyumba akinunua mmoja mmoja, siku ya soko anawapeleka Chwele. Bodaboda alipanda akiwa na matenga ya kuku tu. Akiwa mikono mitupu alisema pikipiki ni ya wagonjwa na wavivu. Mimi nilimwona kwa mbali kila mara, mgongo wake ukipotelea kwenye miwa, na miaka yote hiyo sikujiuliza kwa nini naonyeshwa mgongo tu.

Mimi ni mtu wa Saboti. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba huko, nikazaliwa kwenye mahindi na baridi ya mlima. Nina duka la vipuri vya trekta mjini Kitale, na sitaficha, ni mtu wa haraka. Mteja akisimama kwa kaunta akikuna kichwa, namwambia akakunie nje. Mke wangu ni mwalimu, Mbukusu wa Kabuchai, na ndiye mtu pekee anayeniambia ninyamaze nikanyamaza.

Kiharusi kilimkuta mama asubuhi na mapema akifungulia kuku. Upande wote wa kushoto ukalala. Jirani alimkuta ameketi mlangoni mwa banda, kuku wamemzunguka, akijaribu kuwafukuza kwa mkono usiomsikia. Alilazwa Bungoma kwanza, halafu mke wangu akamhamishia Kitale awe karibu. Kijana wake yuko Nairobi, chumba kimoja na watoto wamejaa. Kwa hivyo alipotoka hospitalini hapakuwa na mjadala, akaja kwetu.

Yeye alitaka kitu kimoja tu, kurudi kwake. Alimwambia binti yake siku ya kwanza, na kila siku baada ya hapo. Mke wangu naye alisema hawezi kumwacha mtu asiyefika chooni bila kushika ukuta aende akae peke yake katikati ya miwa. Wakavutana mpaka wakachoka. Mwishowe wakakubaliana kwamba atakayesema neno la mwisho ni fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini. Akisema mama anatembea vya kutosha, anarudi Kabuchai. Akisema hapana, nyumba yake inafungwa na kuku wanauzwa.

Hayo makao ya kwetu yalikuwa magumu, bana. Mama alipewa chumba cha watoto, maana wao wako bweni, na chumbani humo ndimo alimoishi. Nikiwa nyumbani hatoki. Chakula analetewa huko. Jioni nikiketi sebuleni nasikia mlango wake ukifunguka kidogo, halafu unafungwa. Mke wangu aliniambia mama hukaa mpaka nifungue geti nitoke na pikap ndipo anakwenda msalani. Nilikasirika. Nikasema, mimi nimemfanyia nini huyu mama? Nimemnunulia fimbo, nimeweka vyuma vya kushikilia bafuni, nimetoa zulia asijikwae, na bado ananikwepa kama mtu wa kodi.

"Ni ugonjwa," mke wangu akasema. "Kiharusi kinabadilisha mtu."

Nikakubali. Ugonjwa ni jibu zuri, halina mtu wa kulaumu.

Kwa sababu mke wangu alikuwa darasani, mimi ndiye niliyempeleka kliniki. Pikap yangu ni ya milango minne, naye alikuwa anaketi kiti cha nyuma, upande wa nyuma yangu kabisa, mahali kioo hakimfikii. Nikimuuliza kama yuko sawa, anajibu akiangalia dirishani, na hanijibu mimi. Anasema, "Mtu akiulizwa hali, ni nzuri." Nilidhani akili nayo imeguswa.

Fizio alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kitale lakini mtu wa Kati kama mimi, mfupi, ana raba nyeupe na sauti ya kumtuliza ng'ombe. Huyo mwanamke nilimheshimu tangu siku ya kwanza, na mimi siheshimu watu ovyo. Alikuwa hana haraka hata chembe na bado hakupoteza dakika. Kwenye ukumbi mrefu alibandika utepe sakafuni, akaweka beseni la plastiki katikati, na kiti mwisho. Mgonjwa anatoka kwenye kiti, anafuata utepe, anavuka beseni, anageuka, anarudi. Akiwa njiani fizio anamuuliza maswali: umekula nini, soko la kwenu ni siku gani. Nikamuuliza maswali ni ya nini.

"Kutembea si kutoka hapa mpaka pale," akaniambia. "Ni kutoka hapa mpaka pale ukiwa na mambo mengine kichwani. Hapa sakafu ni laini na hakuna mtu anakusukuma. Nataka kujua kule nje atafanya nini."

Basi mama akasimama. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya ukumbi, karibu kabisa, nimpe moyo. Alishika lesso kwa mkono wake mzima badala ya kushika fimbo. Akateremsha macho. Akaanza kwenda akiwa ameegemea ukuta wa pili, mbali na utepe, mguu wa kushoto ukifagia sakafu. Fizio akamuuliza soko la Chwele ni siku gani, na mama, aliyeuza pale maisha yake yote, hakujibu.

"Inua mguu, mama!" nikamwambia. "Unaweza! Angalia mbele!"

Akasimama kabisa. Fizio akaniomba nimshike mkono avuke beseni. Nilipomkaribia alirudi nyuma haraka hivi kwamba kama si ukuta angeanguka. Tukamketisha. Fizio akaandika kidogo, akaniambia kwa upole kwamba bado, akae kwenu, aendelee na mazoezi, tutamwona tena.

Tulirudi hivyo mara kadhaa na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Tena alikuwa anazidi kuwa mbaya. Fizio alishangaa, maana nguvu za mguu akizipima kitandani, mimi nikiwa nje ya pazia, zilikuwa zinarudi vizuri. Mguu una nguvu lakini hautembei. Jioni moja mke wangu alianza kuongea na ndugu yake kwa simu juu ya kuuza kuku. Mlango wa chumba cha watoto ukafunguka kidogo, halafu ukafungwa, na usiku huo mama hakula.

Kliniki iliyofuata, mama akiwa ndiyo kwanza anasimama kutoka kwenye kiti, mlinzi wa getini akaja kuniambia pikap yangu imeziba njia ya ambulensi. Nikatoka nikinung'unika. Nikaisogeza. Kurudi, kwa sababu ya haraka zangu, sikuzunguka kwa mlango mkubwa, nilipita kando ya jengo ambako madirisha ya ule ukumbi yamefunguliwa. Nikasikia mtu anacheka ndani.

Alikuwa mama mkwe. Alikuwa katikati ya ukumbi, juu ya utepe, kichwa juu, fimbo mkono wa kulia. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito, siwezi kudanganya, lakini ulikuwa unapanda na kutua. Alikuwa anamweleza fizio jinsi ya kumjua kuku mgonjwa anayeuzwa na mtu mwongo, na huku anaeleza akavuka beseni bila kuliangalia. Akageuka pale mwisho. Akarudi. Mimi nilibaki pale nje kwenye nyasi mdomo wazi.

Nikakimbia nikafungua mlango. "Mama, umeweza!"

Na hapo hapo macho yakashuka, mkono ukarukia lesso, mwili ukaenda ukutani, mguu ukaanza kufagia. Fizio aliniangalia. Akamwangalia mama. Akaniangalia tena.

"Baba," akasema, "hebu toka kidogo."

Nikatoka. Baada ya muda akaniita, nikaingia, mama akaganda. Akaniambia nitoke tena. Nikawa kama mlango wa choo cha soko, fungua, funga. Mara ya mwisho hakuniita, na mimi nikarudi kwenye dirisha langu, maana sasa nilikuwa nataka kujua.

"Mama," fizio alikuwa anauliza, "huyu mkwe anakutesa?"

"Hapana, hapana. Ni mtu mzuri sana, yule. Daktari, wewe umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mama yako anatembea-tembea mbele ya bwana yako?"

"Anatembea. Hata anamtuma chai."

Mama alimtazama kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Basi kwenu ni kwenu," akasema. "Kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Nikimwona njiani natoka njiani. Sili mbele yake, silali kwake. Sasa nalala kwake. Nasikia akikohoa. Halafu mnaniambia nipite mbele yake navuta mguu, lesso inataka kufunguka, na yeye ameketi pale anashangilia kama mpira. Daktari, ile siku ulimwambia anishike mkono, nilitaka nife."

Nilisimama pale dirishani nikahisi masikio yanawaka. Si kwamba sikuwa nimeambiwa. Wakati wa mahari mjomba wa mke wangu alinieleza mambo hayo yote, na mke wangu akanicheka vile nilivyosikiliza kwa makini, akasema hiyo ni ya wazee, sisi ni watu wa kanisa. Na mimi nilijua wakwe wanapishana wakiwa wazima. Nilidhani ugonjwa unafuta. Sote tulidhani hivyo, hata binti yake aliyetoka tumboni mwake. Kumbe yule mama alikuwa anapishana nami ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, na mguu mmoja. Anatembea vibaya kwa sababu nipo, na kwa sababu anatembea vibaya tunamwongezea siku za kukaa nilipo.

Jioni nilipomweleza mke wangu, aliketi kitandani akashika kichwa. "Nilimwambia ugonjwa hauna mkwe," akasema. "Akaniitikia sawa. Mama hajawahi kuniitikia sawa maisha yake yote, si ningejua." Halafu akalia, na katikati ya kulia akaanza kucheka, akasema, "Ati ulikuwa unashangilia."

Fizio angeweza kumpa ruhusa siku ile ile. Hakumpa, na ndiyo sababu namheshimu mpaka leo. Alisema sakafu ya hospitali imeshamdanganya mara moja, hataki imdanganye upande wa pili. Anataka kumwona mama akitoka mlangoni kwake, apite njia yake, afike soko lake, anunue kitu, arudi nacho. Hapo ndipo atasema. Na siku ya soko akaja nasi, siku yake ya mapumziko hiyo, na raba zake nyeupe. Mke wangu alimkalisha mbele na mimi, yeye na mama wakaketi nyuma.

Mimi nilipewa amri yangu. Niwashushe nyumbani kwa mama, nikangoje na pikap pale njia ya miguu inapotokea barabara kubwa. Nisionekane. Nikasema sawa.

Niliweza kungoja kwa muda tu. Mvua ilikuwa imenyesha, na ile njia ya Kabuchai naijua, matrela ya miwa yameichimba mpaka matope yanafika magotini. Nikawaza, akiteleza je? Nikafunga gari, nikajificha nyuma ya kibanda cha muuza ndizi, na nikawaona wakitokea.

Mama alikuwa mbele. Fizio hatua kidogo nyuma, hamgusi, mikono tayari. Mke wangu nyuma kabisa, amebeba wasiwasi wa wote. Mama alipofika kwenye yale mashimo ya matairi alisimama, akayatazama, akachagua upande wenye nyasi. Fimbo kwanza, mguu mbaya, mguu mzuri. Watu wa njiani wakaanza kumwona. Mmoja akaacha baiskeli katikati ya njia. Pale kwao hakuna kumpita mtu aliyefufuka hivi hivi, lazima mkono, lazima habari za mifugo na za watoto wote. Kila salamu alisimama, akajibu, akaanza tena. Mtu akisimama na kuanza tena mara nyingi hivyo anachoka kuliko anayekwenda moja kwa moja, fizio aliniambia baadaye, na alikuwa anangoja aone mguu utakufa wapi. Haukufa.

Chwele ilikuwa imejaa. Niliwafuata kwa mbali, nikijificha nyuma ya mbuzi na marundo ya vitunguu, mtu mzima na heshima zangu. Kijia cha kwenda kwa wauza kuku ni chembamba, na katikati yake ukaja mkokoteni wa viazi, mwenyewe anapiga mluzi watu wapishe. Mama hakurukaruka. Aligeuka ubavu, akaweka fimbo kwenye ukingo wa kibanda, akauacha upite, akamwambia mwenye mkokoteni neno lililomfanya acheke mpaka akapunguza mwendo. Kisha akaenda mahali pake pa siku zote. Wenzake walikuwa wamemwachia nafasi. Hakuna aliyepanga chochote pale, matenga ya watu yamebanana kushoto na kulia, na katikati kuna ardhi tupu ya upana wa mwanamke mmoja.

Nilishikwa na machozi, mimi, kati ya mbuzi.

Alinunua jogoo. Alimpima kwa mkono mzima, akabishana bei, akamtia kwapani upande wa kushoto, ule mkono usiomsikia, akaubana. Mkono ukamsikia. Wakaanza kurudi.

Hapo ndipo haraka zangu ziliniponza. Niliamua nitangulie kwa njia ya mkato, nikatokee mbele yao, nifike nyumbani nijifanye nimechoka kungoja barabarani nikarudi huko. Kuna kijito kabla ya nyumba yake, na juu yake wameweka magogo na udongo, mtu mmoja anapita kwa wakati mmoja. Mkato wangu ulivuka kijito chini zaidi, nikatokea upande wa nyumbani, nikarudi magogoni kuchungulia kama wanakuja; nikayapanda, nikainua macho, na mama mkwe wangu alikuwa ng'ambo, hatua chache kutoka kwangu, anakuja. Kumbe nao walikuwa wamepita kwa mkato.

Akaniona. Nikaona macho yakianza kushuka. Nikaona mguu mzuri ukianza kutafuta pa kutokea, na upande ule pa kutokea ni ukingo wa matope unaoteremka moja kwa moja kwenye maji. Angeteremka. Fimbo, jogoo, mguu mbaya na yote, angeteremka, mbele ya fizio, na habari za Kabuchai zingeishia hapo.

Nikaruka. Sikuwaza. Niliruka upande wangu, viatu vya dukani na suruali ya Jumapili, nikatua kwenye udongo wa mfinyanzi mpaka magotini, nikampa mgongo.

Niliangalia matete na nikasikiliza. Kwanza sikusikia kitu. Kisha fimbo ikagonga gogo. Halafu mguu mmoja ukatua, na mwingine ukaja ukifagia kidogo, ukatua. Tena. Tena. Jogoo alilalamika mara moja akanyamaza. Sauti ile ikapita juu ya kichwa changu, haikuharakishwa, haikusita, ikaingia kwenye udongo upande wa nyumbani na ikaendelea.

Raba nyeupe zikasimama pale juu. "Baba," fizio akasema, "mimi nimemaliza kazi yangu. Mama anabaki kwake." Halafu akaniuliza kama naweza kutoka humo mwenyewe ama anishike mkono.

Jioni, kabla hatujaondoka, niliketi peke yangu kwenye sebule ya mama mkwe nimefungwa lesso ya mke wangu kiunoni, suruali ikikaukia jikoni walikokuwa wanawake. Mke wangu aliingia na sahani. Ugali, nyama ya jogoo, na juu yake firigisi, ambayo kwao hapewi mtu yeyote tu. Tangu mama augue sikuwa nimeiona.

"Mama amesema hii ni ya yule mtu aliyetoka njiani," mke wangu akasema. Alikuwa anajikaza asicheke. "Na amesema amekuangalia ukiruka. Ati mguu wako wa kulia bado mzito, uendelee na mazoezi, tutakuona tena."

Nikala firigisi polepole. Nje giza lilikuwa linaanza kuingia, na nyuma ya nyumba nilimsikia akitembea uani, mguu mmoja ukitua na mwingine ukifagia kidogo, akiwafungia kuku.